Darasa lilinicheka nilipoita samaki sumu. Je, niache Kifaransa?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 22, kwetu Kigoma, nasoma mwaka wa pili chuo kikuu hapa Dar es Salaam. Nachukua shahada ya lugha na somo langu kuu ni Kifaransa. Nakuandikia saa saba usiku, wenzangu wa chumbani wamelala.

Kifaransa nilikipenda tangu kidato cha kwanza. Shuleni kwetu tulikuwa na mwalimu mmoja tu wa somo hilo, akahamishwa tulipoingia kidato cha tatu, hakuletwa mwingine. Tuliobaki na somo tulikuwa saba. Tukajisomea kwa daftari la dada mmoja aliyemaliza kabla yetu, nikapata C. Kidato cha tano nikapangiwa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo miaka miwili sikugusa Kifaransa kabisa. Chuo kikanipokea, tukaambiwa wenye msingi mdogo tutaanza mwanzo. Nilifurahi mno. Baba alichinja jogoo.

Darasani nikakuta mambo mengine. Kuna waliosoma KLF, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, na walimu wa kueleweka. Kuna wawili waliokulia Bujumbura, na kijana mmoja aliyesoma shule ya msingi Lubumbashi. Hao wanataniana kwa Kifaransa kama mimi ninavyotaniana na wadogo zangu. Ule mwanzo tulioahidiwa ulidumu wiki tatu, kisha mwalimu akaanza kwenda na wale wanaojibu.

Semesta ya pili ya mwaka wa kwanza tuliambiwa kila mtu asimame aeleze familia yake. Nilijiandaa siku nne. Nikasema baba ni seremala, halafu nikasema "ma mère vend du poison". Nilitaka kusema mama anauza samaki. Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka, ndipo akanieleza kwamba nimesema mama anauza sumu. Shangazi, mama yangu anaamka saa tisa usiku kwenda mwaloni Kibirizi tangu mimi nikiwa mgongoni. Dagaa na migebuka ndiyo iliyonilipia ada. Tangu siku hiyo kuna wanaoniita Sumu, mpaka kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Sijafungua tena mdomo darasani kwa hiari yangu.

Semesta iliyopita nimepata sapu, mtihani wa kurudia, ya somo la kusikiliza na kuzungumza. Nitaifanya Septemba. GPA imeshuka hadi 2.4. Si kwamba sisomi. Nakesha na desa la notisi, nakariri vitenzi kwa jedwali, kanuni zote nazijua kwa Kiingereza kama zilivyoandikwa kitabuni. Lakini mtu akinisemesha tu, akili inazima. Natafuta neno la Kiswahili, naligeuza Kiingereza, naligeuza Kifaransa, nikifika huko mwenzangu ameshaondoka.

Nyumbani hawajui chochote. Baba akipiga simu huuliza "Kifaransa kinaendaje?", namjibu "très bien", namsikia anacheka kwa furaha, nami nikikata simu nalia. Mjomba wangu ana duka Kariakoo, yeye nilimgusia kidogo. Akaniambia Kifaransa ni lugha ya wakimbizi, haina hela, nihamie Kichina maana wenzake wote wanakwenda Guangzhou. Rafiki yangu ananishauri nihamie ualimu wa Kiswahili na Jiografia, nikapumzike. Nikihama nitarudi mwaka wa kwanza, na sijui Bodi ya Mikopo itanifanyaje.

Naomba uniambie ukweli. Mimi sina kipaji cha lugha? Nihame au nibaki? Na nikibaki, nitaongea lini?

Binti wa Kibirizi

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nilibaki na ile sentensi ya mama kuamka saa tisa usiku, na nataka tuanzie hapo.

Kicheko kile kilikuumiza kwa sababu kilimgusa mama yako. Mtu mzima aliyesimama mbele ya darasa alipaswa kukizima kabla ya kukueleza kosa, si baada ya kuchangia. Nimefundisha Kifaransa kwa miaka mingi, na ninakwambia hilo lilikuwa kosa la mwalimu, si lako. Lako lilikuwa herufi moja. Kwa Kifaransa, s iliyo peke yake katikati ya irabu mbili husomeka z. Zikiwa mbili, ss, ndipo unapopata s. Kwa hiyo poison ina z ya "meza", ni sumu. Poisson ina s ya "kisa", ni samaki. Ni kanuni ile ile inayotenganisha désert, jangwa, na dessert, kitindamlo. Ilitakiwa kuelezwa nusu dakika, ukaendelea na familia yako.

Na hilo jina la Sumu lisimame sasa. Usingoje lichoke lenyewe. Mwendee mwakilishi wa darasa, umwambie bila kulia na bila kutukana kwamba hutaki kuitwa hivyo kwa sababu linamhusu mama yako. Wengi wa wanaolitamka hawajawahi kufikiria kuna mama halisi nyuma yake. Kisha nenda ofisini kwa yule mwalimu, saa zake za kuonana na wanafunzi, ukamwambie una sapu na ungependa akuonyeshe ulipopotezea alama. Huna haja ya kumkumbusha alivyocheka, labda mwenyewe atakumbuka.

Sasa umeuliza kama huna kipaji. Hebu tupige hesabu.

Ngazi za lugha zinazotumika sana duniani ni zile sita za Baraza la Ulaya zilizochapishwa mwaka 2001: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Mtu wa B2 ndiye anayeweza kufuata mhadhara, kubishana kwa adabu, kuandika barua ya kazi. Vyuo vingi vya Ufaransa huomba ngazi hiyo kwa mgeni anayetaka kusoma kwa Kifaransa. Walimu hukadiria kwamba kutoka sifuri hadi B2 mtu anahitaji saa kama 500 mpaka 600 za kujifunza. Chukua kozi ya lugha ya kawaida ya chuo, saa 4 kwa wiki, semesta ya wiki 15. Hizo ni saa 60. Wewe umemaliza semesta tatu, maana yake darasani umekaa saa 180 tu, kama hukukosa hata siku moja. Hata ukimaliza semesta zote sita utakuwa na saa 360. Darasa peke yake, mwanangu, halimfikishi mtu B2 ndani ya miaka mitatu, awe na kipaji au asiwe nacho.

Na wale wenzako? Kijana aliyesoma shule ya msingi Lubumbashi alifundishwa hesabu, historia na adhabu za paredi kwa Kifaransa, kila siku, kwa miaka. Ana maelfu ya saa. Anayejilinganisha naye ni kama mtu aliyeanza kupiga kasia jana akijilinganisha na mvuvi wa Ujiji. Wewe hujashindwa, mwanangu. Umekaa na Kifaransa saa 180, na nyingi katika hizo ulikuwa kimya.

Lakini kuna jambo umeliandika kwa kupita, na kwangu mimi ndilo lenye ugonjwa wenyewe. Umesema natafuta neno la Kiswahili, naligeuza Kiingereza, naligeuza Kifaransa. Umesema kanuni zote unazijua kwa Kiingereza. Mwanangu, nani alikwambia njia ya kwenda Kifaransa inapita London?

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu limewapoteza wanafunzi wetu wengi. Vitabu vyetu vya Kifaransa vingi viliandikwa kwa ajili ya watu wa Kiingereza, vinaeleza kwa urefu yale yanayowasumbua wao. Sisi tunayabeba matatizo yao kama yetu, na utajiri tulionao mdomoni tunauacha mlangoni mwa darasa. Ngoja nikuonyeshe.

Lile umbo la vitenzi linalotisha kila mtu, subjonctif. Umelikariri kwa jedwali, najua. Sasa sema kwa Kiswahili: "Nataka aende." Husemi "nataka anaenda". Kitenzi cha pili umekibadilisha mwisho kikawa na -e, na hukufundishwa na mtu, ulinyonya. Mfaransa anasema "je veux qu'il aille", anafanya jambo lile lile kwa sababu ile ile. "Lazima niende" ni "il faut que j'aille". Kiingereza umbo hilo kimelipoteza kwa sehemu kubwa, ndiyo maana kitabu chao kinahitaji kurasa nyingi kulieleza. Wewe unahitaji swali moja tu: hapa kwa Kiswahili ningeweka -e? Ukijibu ndiyo, mara nyingi sana Mfaransa naye atataka subjonctif. Zipo sehemu mnazoachana, na zipo ambazo nyote wawili mnaliacha. Baada ya "natumaini" Mfaransa hatumii umbo hilo, nawe kwa Kiswahili unasema "natumaini atakuja", si "aje". Umeona? Hata katika kuliacha, mnakwenda pamoja.

Au chukua mtendwa. "Namwona", "wananijua", "nimekusikia": yule anayetendwa tunamweka kabla ya shina la kitenzi. "Je le vois", "ils me connaissent", "je t'ai entendu". Anayefikiri Kiingereza anahangaika kumvuta kutoka nyuma kumleta mbele. Wewe ulizaliwa naye yuko mbele.

Nyakati nazo. Umewahi kuchanganya "nilikuwa nakula" na "nilikula"? Hata mdogo wako wa darasa la pili hachanganyi. "Nilikuwa nakula alipoingia" ni "je mangeais quand il est entré". Imparfait ni huko kwenye "nilikuwa na-", na tendo lililokatiza ni passé composé.

Na jinsia ya nomino, kilio cha kila mwanafunzi, kwa nini meza iwe ya kike na kitabu kiwe cha kiume. Kwetu hili si geni hata kidogo. Tuna ngeli nyingi kuliko jinsia zao mbili, na upatanisho wetu unafika mbali zaidi: "viatu vyangu vipya vimepotea", vi- imepita kila mahali. Mfaransa anaposema "mes chaussures neuves sont perdues" anafanya kazi hiyo hiyo kwa juhudi ndogo kuliko yako. Kosa ni kukariri neno likiwa uchi. Hakuna mtoto wa Kiswahili aliyejifunza "-ti" halafu akasubiri aambiwe ni mti au kiti. Alilisikia neno na nguo yake. Basi usiandike tena kwenye daftari table wala livre. Andika la table, le livre, na useme hivyo hivyo kwa sauti. Maana kwa Kifaransa pia nguo ikibadilika mtu anabadilika: le livre ni kitabu, la livre ni ratili, le tour ni mzunguko, la tour ni mnara.

Ukikaa wiki mbili na daftari jipya, upande mmoja sentensi ya Kiswahili safi, upande wa pili Kifaransa, bila Kiingereza hata neno moja kati yao, utashangaa. Ule mzunguko unaokuzima akili utafupika kwa nusu. Kazi ya kugeuza itabaki, lakini utageuza mara moja.

Mahali ambapo Kiswahili hakitakusaidia pia nikutajie, usije ukasema nilikudanganya. Sisi tunasoma kama ilivyoandikwa. Kifaransa kimejaa herufi zinazoandikwa na hazitamkwi. "Ils parlent" inaishia kwenye l, ile -ent yote kimya. Sauti za puani hatuna kwa namna yao. Ile u ya tu hatuna kabisa: tayarisha midomo kama unayetaka kusema "u", uibane, halafu ndani ya kinywa useme "i". Tu na tout yatakutesa mpaka siku midomo itakapozoea, na itazoea. Dawa ya haya ni imla. Sikiliza dakika moja ya sauti, simamisha, andika ulichosikia, linganisha na maandishi. Kila siku. Sapu yako ni ya kusikiliza na kuzungumza, kwa hiyo desa haliwezi kukuvusha hata ukilimeza lote. Umekuwa ukijiandaa kuogelea kwa kusoma ramani ya ziwa.

Usikilize nini? RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana kipindi cha habari kwa Kifaransa chepesi, dakika 10, na maandishi yake yanapatikana. Hao hao RFI wana idhaa ya Kiswahili. Sikiliza kwanza habari za siku kwa Kiswahili, ujue nani kapigana na nani na bei ya mafuta imefikaje. Kisha fungua za Kifaransa. Habari unazijua tayari, sikio linabaki na kazi moja ya kushika maneno. Nusu saa asubuhi kabla ya foleni ya bafuni, nusu saa jioni. Una miezi kama 18 mbele yako hadi kumaliza shahada. Saa moja kwa siku ni zaidi ya saa 500. Jumlisha na za darasani, uone mwenyewe utakuwa wapi kwenye ile hesabu ya B2.

Ukiweza kuweka akiba kwenye boom, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, lenga mtihani wa kimataifa wa Kifaransa uitwao DELF, unaofanyika pia Alliance Française hapo Dar es Salaam. Una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Unafaulu kwa 50 kati ya 100 mradi usipate chini ya 5 katika sehemu yoyote, na cheti chake hakiishi muda. Anza na B1, usirukie B2. Mwajiri anayeona GPA ya 2.8 pamoja na DELF B2 anakusikiliza tofauti na anayeona 3.5 ya mtu asiyeweza kupokea simu.

Sasa kuongea. Hapa wewe una kitu ambacho wenzako wengi darasani hawana, wala hukukitaja. Kwenu ni Kigoma. Kama unakijua Kiha, wale wawili waliokulia Bujumbura ni ndugu zako wa lugha, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Waamkie kwa Kiha. Mcheke pamoja mnapotofautiana neno. Baada ya hapo omba mmoja wao mkae nusu saa mara mbili kwa wiki, yeye aseme Kifaransa tu, nawe umsaidie Kiswahili cha kuandika, ambacho wengi waliokulia nje ya Tanzania kinawasumbua. Utaona mtu uliyekuwa ukimwogopa ana hofu zake.

Wakongo wa Kariakoo watakujibu Kiswahili, hiyo ujue. Wa Kalemie, Uvira na Lubumbashi wanacho tangu utotoni. Itabidi ukubaliane nao wazi: mpaka chai hii iishe, Kifaransa. Na watakapokutajia bei utasikia septante kwa 70 na nonante kwa 90, si soixante-dix na quatre-vingt-dix za kitabuni. Usidhani wanakosea. Ndivyo wanavyosema Wabelgiji, na ndivyo wanavyosema Kongo, Rwanda na Burundi. Jua zote mbili.

Njia nyingine: Paris kuna chuo kinachoitwa INALCO, kinafundisha Kiswahili. Wanafunzi wa huko wanahangaika na ngeli kama wewe unavyohangaika na u. Mwombe mwalimu wako akuunganishe na mmoja kwa simu ya intaneti, nusu saa kila lugha. Nataka sana ufanye hili, kwa sababu kwa hiyo nusu saa wewe ndiye mwenye lugha, na mtu anayekusahihisha leo kwa upole ni yule uliyemsahihisha wewe kwa upole dakika kumi zilizopita.

Vijana wa Malindi na Watamu wanazungumza Kiitaliano kwa ufasaha, wengi wao bila kukanyaga darasa la lugha hiyo. Hakuna aliyewapima kipaji. Wanakisema kila siku na watu wanaowahitaji.

Nakuja kwa mjomba. Kichina ni lugha kubwa na yenye kazi, vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vina Taasisi za Confucius tangu 2013, na mwenye moyo nacho akasome. Ila wewe hujaniandikia hata mstari mmoja kwamba unakipenda. Ungekuwa unakimbia, ukaanze upya na maelfu ya herufi za kuandika, ukiwa na kidonda kile kile cha kuogopa kusema. Kidonda hicho utahama nacho hata ukienda Jiografia.

Lakini lile neno lake la "lugha ya wakimbizi" limenichoma. Nyarugusu, kule Kasulu, kuna watu tangu 1996 waliofika na watoto mgongoni na Kifaransa kichwani, wakiwemo walimu na wauguzi. Mimi niliishi Arusha miaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015. Nilikuwa naingia pale wanapokaa wasikilizaji, navaa vile visikilizio. Shahidi alisema kwa Kinyarwanda, mkalimani akayatia kwenye Kifaransa, mwingine akayatoa kwenye Kifaransa akayapeleka Kiingereza. Mama mmoja alikuwa anaeleza jinsi alivyowapoteza wanawe, na maneno yake yalipita katika vinywa viwili kabla ya kumfikia jaji. Niliwatazama wale wakalimani kwenye vibanda vyao vya kioo, nikaelewa kwamba hii kazi ni amana. Mkalimani akichanganya herufi moja pale, haitakuwa kicheko.

Na kama mjomba anataka hela, aangalie bandari iliyo karibu na duka lake. Mzigo wa Kongo unapita Dar es Salaam kila siku, na nyaraka za upande wa pili ziko kwa Kifaransa. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, Kongo ikaingia 2022, na mwaka mmoja kabla, 2021, wakuu wa nchi walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Umoja wa Afrika nao ulikipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Wanaotafsiri Kifaransa na Kiingereza wamejaa. Wanaotoka Kifaransa kuja Kiswahili moja kwa moja, kwa Kiswahili kinachosomeka, mimi nawajua wachache mno. Ndiyo sababu nyingine ninayokutaka uache kupitia Kiingereza: hiyo njia ya mkato utakayojifungulia kichwani ndiyo itakayokuwa kazi yako. Ukitaka kufika mbali zaidi, Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha ukalimani kwa ngazi ya uzamili.

Lugha peke yake haitoshi, hapo mjomba ana hoja. Ichumbie kitu kingine: nyaraka za forodha, uongozaji wa watalii, ukalimani, ualimu. Field yako, yale mafunzo ya kazini, usiifanye mahali pa kupiga fotokopi. Kigoma kwenu kuna ubalozi mdogo wa Burundi na wa Kongo, kuna bandari na mawakala wanaopakia kwenda Kalemie na Bujumbura. Andika barua sasa, mbili upande mmoja wa karatasi, Kiswahili na Kifaransa, uzipeleke mwenyewe ukienda likizo.

Nihame au nibaki? Baki, mpaka Septemba. Usiguse fomu ya kuhama kabla ya kukaa na afisa mikopo wa chuo akueleze kwa maandishi itakuwaje. Na jipe hii miezi kwa njia niliyokuonyesha, kila siku. Ukimaliza ukaona bado unaifungua redio kwa kujilazimisha, na hakuna hata neno moja lililokufurahisha ulipolitambua, basi hama, nami nitakuunga mkono mbele ya baba yako. Sidhani itakuwa hivyo. Mtoto aliyebaki na somo lisilo na mwalimu miaka miwili, akajisomea kwa daftari la mwenzake akapata C, huyo ana njaa ya kitu.

Baba mwambie. Usimwambie kwa simu ya kupita. Subiri jioni akiwa ameketi, umwambie una somo moja la kurudia na unajua sababu na unajua utafanya nini. Seremala anaelewa kurudia. "Très bien" zako zinamfurahisha yeye na kukuua wewe.

Na ukifika likizo, amka na mama saa tisa uende naye mwaloni. Chukua daftari. Andika kila unachokiona kwa Kifaransa na nguo yake: le lac, la pirogue, le filet, la lampe, le sel. Mkirudi nyumbani keti naye anapoanika dagaa, mwambie "ma mère vend du poisson", s mbili, kama "kisa", halafu umweleze maana yake.

Niandikie matokeo ya sapu yakitoka.

Shangazi